Barua kwa somo yangu: samaki wa kuoka kwa rojo la machungwa na ukwaju

Tanga, 14 Julai

Somo yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako wa juzi usiku ulinikuta nimeshapanda kitandani, na tangu nione ile picha sijatulia. Samaki wa kilo nzima, juu mweusi kama kaa, na pale ulipomfungua mgongoni nyama bado inang'aa ubichi, damu imeshikamana na mfupa. Chini yake umeandika: “Nimemharibu, somo.” Basi. Ningekupigia, lakini mambo ya jikoni yakisemwa kwa simu nusu yake hupotelea njiani, na wewe ukitoka zamu ya usiku hata jina lako hulikumbuki. Kwa hiyo nimekaa barazani na daftari la mwanangu nikuandikie taratibu, uibandike karatasi hii ukutani karibu na oveni. Mama mkwe wako anafika Jumamosi ya wiki ijayo. Muda tunao.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Samaki wako hakuwa na kosa, na oveni yako mpya haina kosa. Ulichanganya asali, maji ya machungwa na tangawizi, ukampaka samaki mbichi huku na huku, ukamwingiza kwenye moto wa nyuzi 220. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nyama ya samaki huiva mapema, ikifika nyuzi 60 na kidogo imeiva, lakini joto linachukua muda kutembea kutoka ngozini mpaka kwenye mfupa. Sukari ya asali na ya matunda haina subira hiyo. Ikishapita nyuzi 110 hivi inaanza kugeuka rangi, na ikiwa imepakwa safu nyembamba juu ya ngozi inakauka upesi, inakuwa kahawia, inakuwa nyeusi, inakuwa chungu. Wewe ukaona weusi, ukaogopa, ukamtoa. Ndani alikuwa bado.

Dawa yake unaijua tangu tuna miaka 9, ila hukuitambua kwa sababu imevaa nguo nyingine. Kumbuka ua wenu Ngamiani, marehemu mama yako na seredani zake mbili za makaa. Akipika samaki wa kupaka, seredani moja ilikuwa ya samaki, nyingine ya tui. Samaki aliwekwa kwenye moto mkavu, ana chumvi, ndimu, tangawizi na saumu tu, akachomwa mpaka anakaribia kuiva. Tui zito lilikuwa likitokota peke yake kwenye sufuria ndogo na ukwaju na pilipili, mpaka likashika mwiko. Halafu ndipo alipochukua bua la mchaichai, akaiponda ile ncha nene ya chini kwa mchi mpaka nyuzi zikachanua kama brashi, akalichovya kwenye tui na kupaka. Akageuza, akapaka. Akageuza tena, akapaka tena. Sisi tumechuchumaa pembeni tunasubiri mkia, kwa sababu mkia ndio uliokuwa unakauka vizuri na tui likaganda juu yake. Hukumwona hata siku moja akimimina tui juu ya samaki mbichi.

Rojo la matunda ni ndugu wa tui lile. Nalisema hili kwa moyo wote, somo, kwa sababu naona watu wanamtazama samaki anayeng'aa kwa machungwa wakadhani ni chakula cha hoteli, kitu cha kusomewa maelekezo kutoka mbali. Sisi watu wa pwani tumekuwa tukimpaka samaki kitu kizito chenye ukwaju, safu juu ya safu, kabla hatujajua oveni ni nini. Ukishika mkono wa mama yako, mengine yote yanafuata.

Sasa samaki mwenyewe. Huku upepo wa kusi umechachamaa, vyombo vingi haviendi mbali, na ukifika soko la Deep Sea asubuhi samaki ni wachache na bei imepanda. Jana nimepata changu wawili wa mtego wa dema, na nimewalipia bei ya kuumiza. Kwa hiyo usimtafute changu huko Dodoma kwa ajili ya kumfurahisha mama wa Pangani. Changu aliyesafiri siku tatu barafu ikiyeyuka njiani hatamfurahisha. Yule bibi amekulia ufukweni, atamjua kabla hajafika mezani. Na jodari au vibua waliolala bila barafu usiwaguse kabisa. Samaki wa jamii hiyo wakipata joto wanatengeneza sumu inayowasha mwili na kuvimbisha uso, na sumu hiyo haiondoki hata ukiwapika mpaka wakauke.

Nunua perege wa bwawa la Mtera, au sato aliyehifadhiwa vizuri. Mfunue shavu uone matamvua yawe mekundu, si ya rangi ya udongo. Jicho liwe limetuna. Mbonyeze ubavuni kwa kidole: shimo lirudi lenyewe. Ukimnusa akanuka samaki sana, huyo amekwisha. Chukua wawili wa gramu 600 au 700 kila mmoja badala ya mmoja mkubwa, maana samaki mnene ndiye anayeungua juu na kubaki mbichi ndani.

Najua utasema samaki wa maji baridi ana ladha ya tope. Wengine wanayo, kweli. Lakini ladha ile inavunjwa na uchachu, na ndiyo maana nakwambia rojo la ukwaju linamfaa perege kuliko hata linavyomfaa changu. Changu ana utamu wake wa bahari, unaweza kumfunika ukampoteza. Perege anahitaji kusindikizwa. Nilikuwa nabisha jambo hili mpaka nilipokwenda Mwanza kwenye msiba wa shangazi na kuwapikia wenyeji wangu sato kwa ukwaju. Walikula mpaka kichwa.

Mpare magamba vizuri, mtumbue, utoe ule utando mweusi wa ndani ya tumbo, kwani nao una uchungu. Mchanje chale tatu kila upande, na zile za karibu na kichwa zifike mfupani kwa sababu hapo ndipo palipo na unene. Sugua chumvi, saumu na tangawizi mpaka ndani ya chale. Ndimu mkamulie, lakini usimwache nayo zaidi ya dakika 20. Ukimsahau kwenye ndimu nyama inageuka nyeupe na kukaza kama imepikwa, na ukimwoka baadaye anakuwa mkavu. Halafu, tafadhali sana, mkaushe kwa kitambaa safi kabla hajaingia motoni. Ngozi yenye maji haiokwi, inachemka, na rojo halishiki juu yake, linateleza lote linakwenda kwenye trei. Mimi nilikuwa naruka hatua hii kila siku na kulaumu machungwa.

Rojo lianze kabla ya samaki. Kamua machungwa manne makubwa, upate kama kikombe kimoja na nusu. Haya ninayokutumia ni ya Muheza, na usishangae yakiwa ya kijani kabisa, hayo yameiva. Chungwa linahitaji usiku wa baridi ili ganda liwe la njano, na Muheza baridi hiyo haipo, kwa hiyo linaiva ndani huku nje bado ni kijani. Kabla hujakamua, kwaruza ganda la chungwa moja kwenye kikwaruzo, ile rangi ya juu tu. Ukifika kwenye weupe acha, mchungu ule. Ukwaju chukua donge la ukubwa wa yai, uloweke kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, uuvuruge kwa vidole, uchuje kokwa na nyuzi. Weka maji ya machungwa na ukwaju kwenye sufuria pana, na tangawizi iliyotwangwa, punje tatu za saumu, pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua, chumvi kidogo, na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, nusu kijiko cha chai. Asali vijiko viwili vya chakula, lakini uitie mwishoni, rojo likiwa limeshapungua.

Sikiliza sufuria. Mwanzoni linachemka kwa kelele, mapovu makubwa mepesi yanayopasuka upesi. Baada ya dakika 15 au 20 sauti inashuka, mapovu yanakuwa madogo mazito, yanapanda na kukaa kidogo kabla hayajapasuka, na harufu inabadilika kutoka chungwa bichi kwenda kwenye kitu kinachofanana na halua ikiwa jikoni. Hapo chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi bila kufungwa, ondoa motoni. Litazidi kuwa zito likipoa, kwa hiyo usisubiri lifanane na asali ukiwa bado motoni. Likikupita na kukaza, ongeza maji ya machungwa vijiko viwili, litarudi. Onja. Ulimi upate uchachu kwanza, utamu uje nyuma yake, pilipili ifunge. Utamu ukitangulia, ongeza ukwaju. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko vipimo vyote: samaki mtamu tu anachosha kwa tonge la tatu.

Nanasi nimekuona unalisema kwenye ujumbe. Linafaa sana, ila lisimguse samaki likiwa bichi. Nanasi bichi linavunja nyama. Ukimlaza samaki humo saa moja anakuwa mlenda, na ukimshika anaachana mkononi. Papai bichi nalo ni vivyo hivyo. Ukilichemsha kwanza nguvu ile inakufa, na hapo unalitumia kama machungwa.

Haya, oveni. Washa mapema mpaka ifike nyuzi 200. Tandika jani la mgomba kwenye trei, ulibabue kwanza juu ya moto ili lisipasuke. Karatasi ya foili naiogopa kwenye kitu chenye ukwaju na ndimu, uchachu unaila, na chakula kinapata ladha ya bati. Paka samaki mafuta kidogo, umlaze juu ya jani, umwingize bila rojo lolote. Hesabu dakika 10 mpaka 12 kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, ukimpima pale alipo mnene zaidi. Perege wako wa gramu 600 atataka kama dakika 20 kwa jumla. Dakika 10 za mwanzo usifungue mlango.

Zikitimia, mtoe, chukua bua lako la mchaichai na umpake safu ya kwanza, nyembamba, huku ukiingiza ndani ya chale. Mrudishe dakika nne. Paka tena, dakika nne nyingine. Safu ya tatu ndiyo ya kumpendezesha: paka, washa moto wa juu wa oveni, na usiondoke hapo. Usijibu simu, usimtume mtoto dukani. Dakika mbili zinatosha. Utaona rojo linaanza kutokota juu ya ngozi, pembe za chale zinakuwa kahawia, pezi la mgongoni linakauka na kujikunja. Ukiona vidoa vyeusi vitatu vinne, mtoe. Vidoa hivyo vichache ndivyo vinavyomfanya anukie makaa.

Kujua kama ameiva, ingiza ncha ya kisu mgongoni karibu na kichwa na usukume nyama pembeni. Ikiachia mfupa kwa hiari na haina ule ung'avu wa ubichi, tayari. Ikigoma, mfunike kwa jani lingine na umrudishe dakika tatu. Lile jani litamlinda asiungue juu. Siku ile na wewe ungemwokoa kwa namna hiyo.

Na umeme ukikatika Jumamosi? Usilie. Mimi oveni sina mpaka leo, na changu wa jana nimemwoka kwa moto wa juu na chini, kama tunavyooka mkate wa kumimina. Chukua sufuria nzito pana, mimina mchanga mkavu kidogo chini, juu yake weka kisahani cha bati, kisha jani na samaki. Funika kwa mfuniko bapa. Makaa machache chini, mengi juu, maana moto wa chini unaunguza na wa juu unapiga rangi. Muda ni ule ule, labda uongeze dakika tano. Kufunua ndiko kunakotaka ustadi, kwani majivu yanaanguka ndani: kung'uta mfuniko kwanza, uinue sawasawa bila kuinamisha. Mama yako alikuwa anashika vibao viwili, akiinua mfuniko na makaa yake yote, na hata chembe haianguki. Mimi nimejifunza kwa kuunguza vidole, lakini sasa naweza.

Kuna jambo moja nataka ulifikirie, na ukikubali litakuwa lako peke yako, mimi silipati huku. Uko kwenye mji wa zabibu. Machi ile uliponiletea boksi la zabibu nyeusi za Hombolo, watoto walikula nusu, na nusu iliyoanza kulainika nikaichemsha na maji kidogo mpaka zikapasuka, nikazichuja maganda na mbegu, nikarudisha maji yake jikoni na ukwaju na tangawizi. Asali sikutia kabisa. Rojo likatoka la zambarau iliyoiva, zito, na uchachu wake ni wa pole kuliko wa machungwa. Nilimpaka kolekole mdogo. Nakwambia kweli, nilisimama jikoni nikamla kipande kwa mkono kabla sijamwita mtu. Zabibu kwenu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na ukwaju unaota porini. Perege wa Mtera, zabibu za Hombolo, ukwaju wa Dodoma: mama mkwe wako ameshakula kila samaki wa Pangani, lakini huyo hajamla. Jumamosi mpikie kwa machungwa, kwa sababu unataka uhakika, na yatamkumbusha kwao. Kabla hajaondoka, mvuno wa pili ukianza kuingia sokoni, mpikie kwa zabibu.

Pembeni weka wali wa nazi usiokolea sana, na kachumbari ya vitunguu na nyanya bila sukari. Chipsi hapana. Rojo litakalobaki litie ndimu kidogo uliweke kwenye kibakuli katikati ya meza, na lile la kwenye jani, lililochanganyika na maji ya samaki, limimine juu ya wali wa mama mkwe. Wala usimwambie kuwa ni bora kuliko mengine, atalijua.

Najua kinachokusumbua si samaki tu. Tangu mama atutoke hujapika samaki wa kupaka, uliniambia siku ile ya arobaini kwamba ukinusa mchaichai mkono unalegea. Ndiyo maana sikutaka nikutumie video ya mtu mwingine. Nimetaka nikuandikie mimi niliyekaa pembeni ya seredani ile ile. Ukiliponda bua la mchaichai mkono ukalegea, weka mchi chini, pumzika, uendelee. Samaki anaweza kusubiri kidogo, hajapakwa bado.

Kesho alfajiri napeleka mzigo kwenye basi la Dodoma. Ni kikapu cha ukili kilichoshonewa kitambaa cha bluu juu, jina letu nimeliandika kwa wino mkubwa, konda ana namba yako. Ndani kuna machungwa 30. Chini kabisa, ndani ya jani la mgomba lililolowa maji, kuna mashina matano ya mchaichai yenye mizizi, nimeyang'oa kwenye lile tuta la uani kwenu. Wapangaji waliopo sasa wamenikaribisha vizuri. Matatu yapande kwenye ndoo yenye tundu chini, uyamwagilie jioni. Mawili ni ya Jumamosi.

Msalimie shemeji na uwabusu watoto. Mama mkwe mwambie Tanga wanamsalimu. Na nitumie picha kabla hamjamkata.

Somo yako